Kidole cha Bwana Jamali Kampala

Tangu nirudi sijamaliza hata suruali moja. Kila anayetoka msikitini anasimama mbele ya cherehani yangu, anajifanya anakagua kitambaa, kisha anauliza kilichotokea Kampala. Nikianza kumsimulia, mwingine anafika katikati, nami nalazimika kurudi mwanzo. Na nasikia kule sokoni habari imeshaota mbawa: wako wanaosema Bwana Jamali alipigana na Wahindi wenzake, na wako wanaosema mimi nilifungwa. Kwa kuwa mnapenda sana ukweli, nimeuandika. Anayejua kusoma awasomee wengine, nami niachwe nifanye kazi.

Gisenyi mpaka Ruhengeri

Bwana Jamali mnamjua wote, au mlidhani mnamjua. Ni yule Mhindi mwenye duka la vitambaa ambaye mimi nashona barazani kwake. Mpole, mwenye magoti mabovu, anayekwenda Nyamyumba kuyaloweka katika maji ya moto na kurudi akichechemea vilevile. Mkewe alifariki, akabaki na binti mmoja, Shirini, aliyezaliwa hapahapa mjini na anayesema Kinyarwanda kuwashinda baadhi yenu. Kwa muda wote huo hakuna aliyejua kwamba mzee huyu, alipokuwa kijana kwao India, alikuwa akilipwa mshahara kwa kucheza.

Mchezo wenyewe unaitwa kriketi. Mtu mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe. Mwingine anausubiri na ubao mkononi, akilinda vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake. Wengine wote wamesimama majanini wakifikiria chakula. Hiyo ndiyo kazi aliyolipwa, na mimi nakanyaga mashine hapa mpaka kifundo cha mguu kinalia.

Safari ilitokana na posa. Shirini alikuwa ameposwa na kijana wa Kampala aitwaye Amirali, ambaye sisi huku tulimjua kwa picha tu. Picha ilimwonyesha ana nywele nzuri, na kwa nywele hizo watu wakaridhika. Baba yake, Bwana Hasham, ni mfanyabiashara mkubwa, na ana timu yake ya kriketi ambayo mwanawe ndiye nyota wake. Kulikuwa na mechi kubwa inakuja dhidi ya timu ya mtaa wa pili, na Bwana Hasham akamwita Bwana Jamali awe mwamuzi, ili wakwe nao waonane. Mkwe mtarajiwa awe mwamuzi wa mkwewe. Hakuna aliyeona ajabu, ila Shirini.

Aliniita dukani, akaniambia taratibu, "Fundi, baba magoti yake iko mubaya, na mudomo yake njo mubaya zaidi. Muende pamoja."

Basi nikaenda, nikibeba koti jeupe refu nililomshonea, kwa sababu mwamuzi wa kriketi huvaa kama daktari. Tulipanda lori la kahawa la dereva mmoja wa Goma, Anselmi, mtu mnene mwenye furaha, aliyesema tutaondoka alfajiri. Na kweli tuliondoka alfajiri, ila ilikuwa alfajiri ya Anselmi, ambayo huja jua likiwa utosini. Tukafika Rugerero, akasimama kumsalimu shemeji yake. Rugerero, ndugu zangu, mahali ambapo mtu wa Gisenyi huenda kwa miguu kuomba chumvi. Tukaketi, tukaletewa viazi na maharage, tukaulizwa habari za safari, nasi tukajibu kwamba ni nzuri, maana bado tulikuwa tunaliona ziwa la kwetu.

Kuanzia Nyakiriba lori lilianza kupanda, na kila mlima liliomba maji. Katika kusubiri huko ndipo Bwana Jamali aliponisimulia maisha yake, kwa utulivu wa mtu anayesoma bei za vitambaa.

Kwao palikuwa na mfalme mdogo aliyependa kriketi. Alikuwa na farasi wake, wapishi wake na wachezaji wake, na Jamali alikuwa mmoja wa wachezaji. Alipewa nyumba na maziwa, naye akapiga mpira. Mfalme mwenyewe pia alicheza, na alicheza vizuri sana, kwa kuwa hakuna mwamuzi aliyewahi kuthubutu kumwambia ametoka, yaani zamu yake imekwisha. Kisha siku moja mpira ukamvunja Jamali vidole vya mkono wa kulia, akashindwa kushika ubao. Mfalme kwa huruma zake akamfanya mwamuzi, akiamini kwamba mtu anayekula kwake atajua jinsi ya kuona. Katika mechi ya kwanza kabisa, mfalme akaugusa mpira kwa ubao, ukadakwa nyuma yake kabla ya kuanguka, jambo ambalo kwa sheria humtoa mtu, na Jamali akamtoa.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha nikapanda meli."

Akafika Mombasa. Huko akawa mwamuzi anayeheshimiwa. Watu walimwita kila Jumapili, na wachezaji walimwogopa kama kadhi. Mpaka siku alipocheza mzungu mmoja mkubwa wa serikali, na mzungu huyo akagusa mpira, ukadakwa.

Sikuuliza tena. Niliona mwenyewe kwamba baada ya hapo alipanda gari moshi, na kwamba alipotafuta mji ambao hakuna mtu anayejua kriketi wala anayetaka kuijua, Mungu alimwonyesha Gisenyi.

Ruhengeri mpaka Kabale

Kule kwa Waingereza magari hupita mkono wa kushoto. Anselmi alilijua jambo hilo vizuri sana, na alitueleza njia nzima tangu Ruhengeri jinsi madereva wajinga wanavyolisahau. Tulipovuka mpaka na kuipita Kisoro alikuwa bado anaeleza, huku akiendesha mkono wa kulia. Kwenye kona ya mlima tukakutana na basi. Sisi tukaenda mferejini, basi likaenda zake, na magunia ya kahawa yakashuka kutuangalia.

Anselmi alitoka, akazunguka lori mara moja, akafuta uso. "Bon," akasema. "Voiture iko muzuri. Ni barabara njo iko mubaya."

Tulikaa pale mpaka siku ikaisha. Watu wa mlimani walikuja mmoja mmoja kutazama, wakaketi majanini kama watu waliolipa kiingilio. Walikuwa wema, lazima niseme. Walituletea uji wa mtama kwenye kibuyu, mzito na mchachu, ambao Bwana Jamali alikunywa mpaka chini bila kuuliza, na mimi nikauliza baada ya kunywa.

Sasa mzee akaona muda unapotea. Hakuwa amefanya kazi ya uamuzi kwa miaka mingi, basi akavaa koti lake jeupe, akasimama kandokando ya barabara, akaanza mazoezi. Mwamuzi wa kriketi hasemi. Anasema kwa mikono. Akanyoosha mikono yote miwili pembeni kama msalaba. Akaiinua yote juu. Akaupeperusha mmoja mbele ya kifua kama anayefukuza nzi. Wazee wakavua kofia. Mama mmoja akasogea na mtoto mgongoni, akaniuliza kwa Kinyarwanda, ambacho kule wanakisikia vizuri, kama padri huyu wa Kihindi huombea watoto wenye homa.

Nilimweleza kwamba si padri, ni mwamuzi wa mchezo wa mpira. Akaniangalia kwa huzuni, kama mtu anayedanganywa waziwazi, akanipita, akamwendea Bwana Jamali kwa upande wa pili. Na mzee, badala ya kueleza, akamwekea mtoto mkono kichwani, akamsomea dua aliyoijua. Baada ya hapo lori letu lilitolewa mferejini na mikono mingi kuliko tuliyohitaji. Mimi nilikuwa nimewabembeleza muda wote huo bila mafanikio. Nadhani sikuwa na koti.

Tulipopanda tena nilimwambia mzee kwamba ishara zake ni nzuri, lakini nilisikia iko moja ya kumtoa mtu, na hiyo sikuiona. Akasema hiyo haifanyiwi mazoezi.

Kabale mpaka Kampala

Kabale ni baridi. Mbarara kuna ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mikono ya Anselmi, nao hawajui mkono wa kushoto wala wa kulia. Walifunga barabara, wakatusikiliza tukipiga honi, wakaendelea kusimama. Anselmi akawatukana kwa Kifaransa, lugha ambayo aliamini ng'ombe wa Mwingereza hataielewa na hivyo hatakasirika.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa mbele, karibu na Masaka. Tuliingia kwenye nyumba moja ya chakula, nami nikamwamkia mama mwenye nyumba kwa Kiswahili changu kizuri, nikauliza kuna nini. Mama akabadilika rangi. Wateja wawili wakatoka kwa mlango wa nyuma bila kumaliza sahani. Tukaletewa ndizi za kupondwa zilizofunikwa majani, mchuzi wa karanga, na kuku mzima ambaye hatukumwagiza, tukahudumiwa kwa kupigiwa magoti. Nilifikiri: hawa ndio watu wanaojua kumheshimu mgeni wa Gisenyi.

Bwana Jamali, mtu asiyeweza kuacha jambo zuri lilivyo, alimwita mama akamuuliza anaogopa nini. Ikajulikana kwamba kule anayesema Kiswahili ni polisi, na huyu mama alikuwa na pombe kali ya magendo chini ya kitanda. Mzee akamweleza kwamba yeye ni muuza vitambaa, mimi ni fundi cherehani, na Anselmi ni Anselmi. Mama alicheka sana. Kisha akachukua kilichobaki cha kuku, akakirudisha jikoni, na Anselmi akauziwa ile pombe. Ndiyo faida ya kusema kweli, niliikumbuka baadaye.

Kampala

Kwa Bwana Hasham tulipokewa kama masultani. Nyumba ina ngazi ndani. Tulikula pilau, sambusa, kuku wa masala na vitu vitamu vyenye rangi ambazo mimi huziona kwenye vitenge tu. Bwana Hasham alimkumbatia Bwana Jamali, akamwita ndugu kabla hajakaa. Amirali naye alikuja kusalimu. Nywele zilikuwa kama kwenye picha, na adabu yake haikuwa mbaya. Alimbusu mzee mkono, akaniletea mimi maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe. Nilisema moyoni, binti yetu atafika pazuri.

Baada ya chakula Bwana Hasham akaanza kuzungumza juu ya udugu. Alisema watu wa familia moja hufunikiana. Alisema mzee wa familia akiona jambo dogo la kijana wake, hugeuza uso. Alisema hivyo kwa maneno mengi, akimwongezea Bwana Jamali achari, na Bwana Jamali akawa anasema achari ni nzuri.

Mechi ilianza kesho yake, na kama mnataka kujua mechi ya kriketi ni ndefu kiasi gani, kumbukeni hotuba ya msimamizi wa Kibelgiji, kisha ongezeni mapumziko ya chai. Niliketi chini ya hema. Sikuelewa kitu, nikapiga makofi wenzangu walipopiga. Bwana Jamali alisimama katikati ya jua na koti lake, magoti yake mabovu yamekazwa, hatikisiki. Hapo hakuwa yule mzee wa dukani. Watu wazima walikuwa wakimtazama kila mpira uliporushwa, na mkono wake ukisogea kidogo tu, uwanja mzima ulitii.

Amirali alipiga vizuri sana. Hata mimi niliona. Ikafika jioni, mwanamume mmoja jirani yangu akanieleza kwamba kijana huyu akibaki kidogo tu, timu ya baba yake inashinda. Mpira ukarushwa. Ukapita kando ya ubao, ukadakwa na yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti. Wapinzani wote wakageuka, wakamwuliza mwamuzi kwa sauti moja. Amirali hakusogea. Alisimama palepale na ubao wake, akamtazama Bwana Jamali, akatabasamu kidogo.

Bwana Jamali akainua mkono wake, na kidole cha shahada, kile kilichovunjika zamani, kikasimama kuelekea mbinguni, kimepinda kidogo.

Ndugu zangu, nyinyi mngefikiri nini? Mzee, mgonjwa wa magoti, ameshinda juani tangu asubuhi, ghafla anasimama wima na kuinua kidole cha shahada. Mimi niliona anakata roho. Na Mwislamu mwenzako akikata roho, unamsaidia kutamka. Nikasimama, nikatamka shahada kwa sauti yangu yote.

Sikujua kwamba uwanja mzima ulikuwa umekaa kimya. Sikujua kwamba kidole hicho maana yake ni kwamba Amirali ametoka. Na sikujua kwamba nilikuwa nimeketi katikati ya mashabiki wa timu pinzani, ambao walinikumbatia, wakanibeba, wakanipa keki. Nilipotazama upande wa pili nikamwona Bwana Hasham ananiangalia, mimi juu ya mabega ya maadui zake, mdomo umejaa keki.

Timu ya Bwana Hasham ilishindwa. Usiku huo chakula kilikuwa chai. Asubuhi Bwana Hasham akatujia, mpole kabisa, akasema familia imefikiri na kuona kwamba Amirali bado ni mdogo kwa ndoa. Siku iliyotangulia alikuwa mtu mzima. Alisema pia kwamba, ili tusisumbuke, mizigo yetu imeshashushwa. Tuliikuta nje, imefungwa vizuri kuliko tulivyoifunga sisi.

Amirali alikuwa dirishani juu. Hakushuka.

Kurudi

Kurudi kulikuwa na ng'ombe walewale. Mpaka tukaipita Mbarara Anselmi, aliyekuwa ameshasimuliwa habari na mimi, aliona aibu kuimba.

Baadaye akashindwa kuvumilia. "Patron," akasema, "kwa ajili ya mutoto yako, ungefunga macho mara moja tu. Mungu angesamehe."

"Macho yana kope, Anselmi," mzee akasema. "Sikio halina."

Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amesikia. Mpira ulipogusa ubao ulitoa sauti ndogo kama mkasi unaoanza kukata, na katika uwanja ule walioijua kwa hakika ni wawili, yeye na Amirali.

Lakini nikaelewa pia kwamba alikuwa anaogopa. Huyu mtu aliyemtoa mfalme na mzungu, akitazama barabara inayoteremka kuelekea nyumbani, alikuwa anamwogopa binti mmoja. Aliniuliza kama nadhani Shirini alikuwa ameshampenda kijana yule. Nikasema kwa picha tu mtu hapendi sana. Akasema mama yake Shirini alimpenda yeye kwa picha. Kuanzia Ruhengeri alikuwa anasogeza midomo, anapanga maneno, anayapangua.

Nyumbani

Tulifika mchana. Shirini alikuwa dukani anampimia mtu kitambaa. Akamaliza kupima, akamuaga mteja, akaufunga mlango. Mzee alisimama katikati ya duka lake kama mgeni. Maneno yote aliyoyapanga tangu Ruhengeri hayakutoka hata moja, basi nikasimulia mimi. Nilijaribu kuyalainisha. Nilisema juu ya pilau, juu ya ngazi za ndani, juu ya adabu ya kijana. Shirini alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba yake.

"Aligusa?"

"Aligusa," mzee akasema.

"Yeye mwenyewe alijua?"

"Anayeshika ubao hujua wa kwanza. Mkono unamwambia."

"Na akijua ametoka, hawezi kuondoka mwenyewe, mupaka aambiwe?"

"Anaweza. Wengine huondoka."

Shirini akakunja kile kitambaa kilichobaki, akakirudisha rafuni. Alichukua muda kukinyoosha.

"Donc alisimama pale anakuangalia wewe," akasema, "anangojea useme uongo. Na mi njo nilikuwa zawadi ya ile uongo."

Nje palikuwa na watu mnaowajua, wamejifanya wanasubiri mvua ipite, na mvua haikuwapo.

"Ningeolewa naye kwanza, njo ningemujua nyuma," akasema. "Kaa chini, baba. Nakuletea chakula."

Akaenda jikoni. Hakulia, nawaambia kwa kuwa mtauliza. Bwana Jamali ndiye aliyeketi kwenye kiti cha wateja, akainama kufungua viatu vyake, jambo ambalo kwa magoti yale halifanyi kamwe mbele ya mtu. Aliinama muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji. Shirini aliporudi na sahani akamkuta bado ameinama, kamba ya kiatu mkononi, mabega yanatikisika. Akaweka sahani sakafuni, akapiga magoti mbele yake, akaanza kufungua kiatu cha pili.